Huduma ya kutumia barua: tazama kwanza mlango wa kutokea

Mwaka jana tulikuwa wanafunzi watano wenye tovuti ndogo ya msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi. Kila Jumatatu tulituma kwa barua pepe neno moja, pamoja na matamshi, maana na sentensi ya mfano. Watu 214 walikuwa wamejiandikisha. Mmoja wao, mzee wa Likasi, mstaafu wa migodi, alitujibu karibu kila wiki. Tulipotuma neno "bukari", alitueleza ni akina nani kambini walisema hivyo na ni akina nani walisema "ugali". Majibu yake yalikuwa yameanza kuingia katika memuari yangu.

Asubuhi moja huduma tuliyotumia ilifunga akaunti yetu. Hatukuelezwa kosa letu. Anwani zote zilikuwa humo, na hata majibu ya wasomaji tulikuwa tukiyasomea humohumo. Niliyonakili daftarini ninayo, mengine yamepotea. Kwa yeyote kitivoni anayetaka kuanzisha barua ya namna hii, haya ndiyo ningependa kuambiwa mapema.

Wengi watauliza: kwa nini tusitume kwa Gmail tu? Kwa watu ishirini inatosha. Lakini akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na mkikosea mkaweka anwani mahali pa nakala ya wazi, kila msomaji ataona anwani za wengine wote. Pia anayetaka kujitoa lazima awaombe. Huduma maalumu huweka kiungo cha kujitoa chini ya kila barua na kushughulikia anwani zilizokufa.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: nikitaka kuhama, nitatoka na nini? Huduma nzuri hukuruhusu kupakua orodha nzima katika faili ya CSV, ambayo programu yoyote ya majedwali huifungua. Jaribu kabla ya kutuma barua ya kwanza: ingiza anwani tatu, zipakue, zifungue. Makampuni hubadilika. Mailchimp ilianza mwaka 2001, ikanunuliwa na Intuit mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12. Mpango wake wa bure, uliowahi kubeba watu 2,000, ulikuja kupunguzwa sana. Aliye na faili yake mkononi huhama kwa saa moja.

La pili: huduma inazungumza lugha gani na msomaji? Anayejiandikisha hupokea kwanza ujumbe wa kumtaka athibitishe. Wetu ulikuwa wa Kiingereza. Watu kadhaa walituambia waliufuta wakidhani ni wa matapeli. Sisi tunaosoma lugha tulipaswa kuliona hilo mapema! Tafuteni huduma inayowaachia kuandika maneno hayo wenyewe, kisha mjitumie barua yenye ɛ na ɔ za Kilingala na alama za toni, muone kama zinafika salama kwenye simu ya kawaida.

La tatu: barua itafika? Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanadai mtumaji ajitambulishe. Ukiwa na jina lako la tovuti, huduma itakupa mistari ya kuweka kwenye mipangilio ya jina hilo. SPF hutaja mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi inayoonyesha kuwa barua haikubadilishwa njiani. Msitume kupitia huduma mkiweka anwani ya gmail.com kama mtumaji: barua huishia kwenye taka. Na barua iwe nyepesi, maandishi matupu ikiwezekana, kwa sababu msomaji ananunua mega zake mwenyewe.

La nne ni bei. Buttondown ni bure hadi watu 100. Substack, iliyoanzishwa mwaka 2017, haitozi barua za bure. Hukata asilimia 10 pale tu wasomaji wanapolipa. Listmonk ni programu huria isiyo na malipo, lakini inahitaji seva na mtu wa kuitunza. Msiichague kama fundi wenu anamaliza masomo Julai. Mipango ya kulipia kwa kawaida hudai kadi ya benki kila mwezi. Ulizeni kabisa kadi hiyo itakuwa ya nani, na nini kitatokea akiondoka.

Lipo na jukumu letu. Sheria ya Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya Machi 2023, inalinda data za watu binafsi, na anwani ya mtu ni mojawapo. Faili ya orodha iwekewe neno la siri, na aliyejitoa afutwe pia humo.

Sasa tumeanza upya na watu 61. Kila tarehe 1 ya mwezi mmoja wetu hupakua orodha, huiweka kwenye flashi mbili, moja hubaki idarani, na huandika jina lake daftarini kuwa amefanya hivyo. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Anwani ya mzee wa Likasi hatujaipata. Mwenzetu anayekwenda huko likizo hii amechukua karatasi yenye swali moja: je, kambini walisema pia "bwali"?