Njia za Kijani: Baiskeli Bila Honi ya Lori

Hebu jibu kwa ukweli, msomaji: ni kitu gani kinachokuzuia kupanda baiskeli? Wapo watakaosema uvivu. Wengi zaidi watasema magari. Na hofu hiyo siyo ya kitoto hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kote. Kwa hiyo mama anayesema "baiskeli marufuku hapa nyumbani" ana hoja. Lakini daktari anayesema mwili wa kijana unahitaji mazoezi naye ana hoja. Sasa tumsikilize nani?

Vijijini Ufaransa wamepata njia ya kuwasikiliza wote wawili. La ajabu ni kwamba mambo hayakuanza na baiskeli. Yalianza na treni.

Mwaka 1879, wakati Charles de Freycinet alipokuwa waziri wa ujenzi, Ufaransa ilipitisha sheria ya kujenga maelfu ya kilomita za reli ili hata miji midogo ya mashambani ipate treni. Reli zikajengwa. Karne ya 20 ikaleta mabasi, malori na magari ya watu binafsi, abiria wakapungua, na reli hizo ndogo zikafungwa moja baada ya nyingine. Vyuma viking'olewa, mataruma yakiondolewa, kinachobaki ni tuta lenyewe: ukanda mrefu uliosawazishwa, wenye madaraja na mahandaki yake, unaokatiza mashamba na misitu na hauna kazi tena.

Mwaka 1997, katika mkoa wa Saône-et-Loire huko Burgundy, kipande cha kilomita 44 cha tuta la namna hiyo, kati ya Givry na Cluny, kilifunguliwa kwa baiskeli na watembea kwa miguu. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa njia ya kijani ya kwanza ya Ufaransa. Wenyewe wanaziita voies vertes. Mwaka 2004 jina hilo likaingia katika sheria za barabarani: njia ya kijani ni ya vyombo visivyo na mota, ya watembea kwa miguu na ya wapanda farasi. Pikipiki? Hapana. Gari la jamaa anayedai "napita mara moja tu"? Hapana pia.

Sasa sikia kwa nini reli iliyokufa ni dawa nzuri kwa anayeanza mazoezi. Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Mhandisi akikuta kilima, anakikata au anakitoboa handaki. Akikuta bonde, anajenga daraja. Matokeo yake, mteremko wa njia hizi mara nyingi hauzidi mita 3 kwa kila mita 100. Mtu mnene, mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, bibi mwenye miaka 70, wote wanaweza kuendesha bila moyo kupigwa na butwaa. Chukua njia iitwayo Passa Païs, takriban kilomita 80 kati ya Mazamet na Bédarieux, kusini mwa nchi. Inapita katika milima ya Haut-Languedoc, milima kweli kweli, lakini wewe unazungusha pedali taratibu, unavuka mto Jaur kwa daraja la chuma pale Olargues, na milima inabaki pembeni ikikutazama.

Njia nyingine zinafuata mifereji ya zamani. Mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 364, ulianza kuchimbwa mwaka 1811 ili bidhaa zisafiri ndani ya nchi bila kukutana na manowari za Waingereza baharini. Kandokando yake kuna njia ambayo farasi, na wakati mwingine binadamu, walipita wakiyakokota majahazi kwa kamba. Leo kwa sehemu kubwa inapita baiskeli. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo na njia yake ni tambarare. Mwinuko unaokutana nao ni mdogo tu, pale penye malango ya kupandishia na kushushia majahazi.

Njia ile ya Givry ina lami. Lakini nyingine nyingi, Passa Païs ikiwemo, zimemwagiwa jiwe lililosagwa na kushindiliwa. Ni rahisi kuliko lami, na maji ya mvua yanapenya badala ya kutuama. Mimi naona changarawe ina faida moja zaidi: inakulazimisha upunguze mbio. Tairi jembamba la baiskeli ya mashindano linahangaika humo. Linalofaa ni la upana wa milimita 35 hadi 45, na upepo upungue kidogo kuliko ule wa lami ili tairi lishike chini na lisikutikise mikono. Kwenye kona, usibane breki ya mbele peke yake kwa nguvu. Changarawe itateleza, na utajikuta unalamba vumbi.

Haya, na mwili wenyewe je? Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani ni upi? Huhitaji mashine. Ukiwa juu ya baiskeli jaribu kuongea na mwenzako. Ukiweza kuongea lakini ukashindwa kuimba, hapo ndipo penyewe. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza kidogo. Ukishindwa hata kusema "ngoja", punguza. Na hapa ndipo utaona tofauti ya njia isiyo na magari: barabarani huwezi kufanya jaribio hilo, maana unaendesha mmoja nyuma ya mwingine huku masikio yako yakisikiliza lori.

Kabla hujaondoka pima kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatauma. Kikiwa juu sana, kiuno kitayumba na mgongo utalalamika.

Tuongee sasa yale ambayo watu huuliza kwa kunong'ona. Wavulana: ukipata ganzi sehemu za siri baada ya mwendo mrefu, ni kwa sababu kiti kinabana neva na mishipa ya damu. Usivumilie kiume. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika chache, na rekebisha kiti. Pua yake isielekee juu. Ganzi ikiendelea hata baada ya kupumzika, muone daktari.

Wasichana: baiskeli haitoi ubikira. Kizinda ni utando laini ulio kwenye mlango wa uke, kila msichana ana wa kwake wenye umbo lake, na hata daktari hawezi kutazama akajua kama mtu amewahi kujamiiana au la. Bikira ni mtu ambaye hajafanya ngono, basi. Ukiwa kwenye siku zako unaweza kuendesha vilevile. Beba pedi za kutosha na suruali isiyobana. Na usidhani maneno haya ni ya Waafrika tu. Ulaya ya karne ya 19 walikuwepo madaktari walioonya kwamba baiskeli itaharibu maumbile ya mwanamke. Jijini Paris kulikuwa na amri ya mwaka 1800 iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali bila kibali cha polisi. Mwaka 1892 na 1909 ililegezwa: suruali ruksa kama ameshika hatamu za farasi au usukani wa baiskeli! Mwaka 2013 ndipo serikali ilipotamka wazi kwamba amri hiyo haina nguvu tena. Yaani kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyokuwa kibali chao.

Kama una ndugu huko, au umepata nafasi ya masomo, kuna mambo ya kujua kabla ya kuingia mashambani. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Kwa hiyo beba chakula. Njaa ya baiskeli haibishi hodi: unaona kizunguzungu tu, miguu inakuwa mizito, mikono inatetemeka. Ndizi mbili na kipande cha mkate vinatosha kuizuia. Maji utayapata kwenye mabomba ya vijijini, mara nyingi hata makaburini, lakini soma kibao: "eau potable" ni ya kunywa, "eau non potable" usiguse. Ukipumzika kwenye majani, ukifika ulikofikia kagua miguu, makwapa na kinena kama kuna kupe. Mng'oe taratibu kwa kibano, karibu kabisa na ngozi. Doa jekundu likianza kutanuka mahali hapo siku au wiki zinazofuata, nenda hospitali usisubiri. Huenda ni ugonjwa wa Lyme, unaotibika kwa dawa za antibayotiki.

Chukua pia taa na koti hata kama nje jua ni kali. Kati ya Cluny na Mâcon kuna handaki la Bois Clair, kama kilomita 1.6, na ndani ni baridi. Majira ya baridi hulifunga kabisa kwa sababu popo wanalala humo, nawe unazunguka kwa kupanda kilima.

Halafu usichanganye majina. Voie verte haina magari. Véloroute ni safari ndefu iliyowekewa vibao vya baiskeli, na sehemu zake zinaweza kupita kwenye barabara ndogo zenye magari. Watu wengi wanaona neno "vélo" wanadhani wamesalimika. Tafuta kibao cha bluu chenye picha ya baiskeli na watembea kwa miguu.

Hata kwenye njia ya kijani yenyewe, kila baada ya muda utakuta inakatwa na barabara, pale pale ambapo zamani treni ilipishana na mikokoteni. Mara nyingi pana vizuizi vya mbao vya kukupunguza mwendo. Baada ya saa nzima ya ndege na miti, masikio yamelala, na dereva naye hakutegemei. Shuka, weka mguu chini, tazama kushoto kwanza, maana kule wanaendesha upande wa kulia, kisha kulia, kisha kushoto tena. Na namba ya dharura ya bure kote Ufaransa ni 112.