Unapanda Kilimanjaro? Stamina ya bonanza haitoshi

UNAMKUMBUKA Martina Navratilova? Yule mwanamama wa tenisi aliyebeba Wimbledon mara tisa, tena hapo ni ya mchezaji mmoja mmoja tu. Desemba 2010, akiwa na miaka 54 na bado fiti kuliko wengi wa nusu ya umri wake, alikuja kupanda Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya hisani. Kileleni hakufika. Kwenye mita 4,500 hivi pumzi ilimkatikia, akabebwa kushushwa na kwenda kulazwa Nairobi. Mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Sasa kuna yule jamaa wa Dar anayecheza bonanza kila Jumamosi, anamaliza dakika 90 bila kuomba sub, anaona mlima ni wa kwake. Ngoja kwanza.

Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Pale, kila unapovuta pumzi unapata karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni Coco. Tizi linakupa miguu, halikuzoeshi hewa nyepesi. Na walio fiti ndio huingia mtegoni kirahisi, kwa sababu wanakwenda mbio huku mwili haujazoea. Ule wimbo wa waongozaji wa 'pole pole' si mbwembwe za kuwafurahisha wazungu.

Kinachozoesha mwili ni siku. Kanuni ya madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Angalia njia ya Marangu: Horombo ni mita 3,720, Kibo ni mita 4,720. Hapo unaruka mita 1,000 kwa siku moja! Ndiyo maana kulala usiku wa pili Horombo ni muhimu, na ndiyo siku ambayo wabongo wengi wanaikata kuokoa hela. Machame ina ujanja wake: unapanda hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu unashuka kulala Barranco.

Juni 2017 wanasoka wa kike kutoka mataifa mbalimbali walicheza mechi kamili ndani ya kreta, zaidi ya mita 5,700, ikaisha 0-0. Nao hawakupanda kwa siku moja.

Mazoezi yaanze miezi miwili au mitatu kabla. Tembea saa nyingi na begi mgongoni, panda na kushuka ngazi, maana kushuka ndiko kunakomaliza mapaja. Viatu vipya visianzie safari getini.

Halafu hospitali. Pima presha na moyo, mweleze daktari kama una pumu. La kwetu zaidi ni selimundu: hata mwenye vinasaba vya mzazi mmoja tu, asiyewahi kuumwa maisha yake yote, bandama lake linaweza kupata shida huko juu. Kipimo ni cha damu tu. Kuna pia dawa ya acetazolamide inayousaidia mwili kuzoea, lakini daktari ndiye akuandikie, hasa kama una mzio wa salfa. Itakupeleka msalani mara nyingi na vidole vitawasha, usishtuke.

Mlimani, kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni kadi ya njano, na ukiona hivyo hupandi zaidi. Wanaume wengi hapa hujikausha, wanasingizia usingizi. Kukohoa huku unahema ukiwa umekaa, au kuyumba kama mlevi, ni nyekundu. Mwongozaji anaweza kukwambia utembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Ukishindwa, unashushwa muda huohuo, hata kama ni saa tisa usiku na Gilman's Point imebaki hatua chache.