Kilio cha Motokaa ya Marehemu

Baba yetu alipofariki, Mungu amrehemu, alituachia nyumba Majengo, cherehani kuukuu na motokaa aina ya Peugeot 504 ya mwaka 1979, ile ndefu yenye viti safu tatu. Nyumba haikutuletea neno, kwani sote tuliridhia mama aendelee kukaa. Cherehani haikuwa na wa kuigombania. Motokaa ndiyo iliyotukalisha barazani usiku baada ya usiku. Injini yake ilikuwa ikitetemeka vibaya, na motokaa inayotetemeka haina bei.

Wasomaji wa makamo yangu hawahitaji kuelezwa 504 ni motokaa gani. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na huku kwetu jina lake lilipandishwa na Safari Rally. Ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, ikashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Lakini sisi wa pwani hatukuipendea mashindano. Tuliipenda kwa kuwa ilibeba watu, magunia, kuku na maharusi kwenye barabara ya Malindi, wakati ambapo bado tulikuwa tukivuka Kilifi kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Baba alijenga maisha yetu kwa usukani huo.

MARADHI YENYEWE

Ikiwa mwendoni, motokaa ilikwenda vizuri. Ilipokuwa ikisimama, kwa mfano kwenye taa za Mwembe Tayari, ndipo ilipoanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kioo cha kutazamia nyuma kilicheza hata usione kitu, milango ikagonga, na mara nyingine injini ikazima kabisa na walio nyuma wakaanza kupiga honi. Mafundi wa siku hizi huuita mngurumo huo wa kusimama "silensa", nao walisema silensa imeharibika.

Niliipeleka kwenye gereji moja mjini. Kijana aliisikiliza kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, akasema, "Injini imekwisha hii. Lazima ipasuliwe." Kisha akakaza skrubu moja ya kabureta ili injini iende mbio zaidi ikisimama. Mtetemo ukapungua kwa siku tatu, ukarudi. Bei aliyonitajia ya kupasua injini ilikuwa karibu sawa na thamani ya motokaa yenyewe.

Hapo akatokea mnunuzi. Aliitia moto, akatikisa kichwa, akataja bei ya chuma chakavu. Mdogo wangu alitaka tukubali, nami nilikuwa nimeshachoka. Dada yetu ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Kaka, hii ni mirathi. Tukiiuza kwa bei ya chuma, kisha ikaonekana injini ilikuwa nzima, hiyo thumni ya mama tutaijibu vipi mbele ya Mungu?"

Hatukuwa na la kumjibu.

MASIKIO YA MZEE

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mmoja, jirani na rafiki wa marehemu, ambaye aliacha ufundi baada ya macho kumwishia. Nilimshikia mkono nikamwambia, "Shikamoo, ami." Akaitika marahaba, akaniuliza hali ya mama, kisha nikamweleza shida yangu. Akasema, "Mimi nitakuwa masikio, mwanangu. Wewe utakuwa macho na mikono."

Jambo la kwanza hakugusa spana. Aliuliza maswali kama tabibu. Inatetemeka ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Wakati wote, nikajibu. Ukikanyaga mafuta kidogo, inatulia? Inatulia, ami. Ikipanda kilima na mzigo inakohoa? Haikohoi. Akatabasamu. Akanieleza kwamba kasoro ya moto wa umeme, yaani plagi, nyaya au koili, aghalabu huzidi injini inapobebeshwa mzigo. Inayotulia mara tu ukikanyaga mafuta, mtuhumiwa wake wa kwanza ni hewa.

Hata hivyo hakukata shauri. Alinipa ukanda wa karatasi niushike nyuma ya ekzosi. Karatasi ikisukumwa nje sawasawa kisha ikakosa pigo moja kwa mpango, basi silinda moja haifanyi kazi. Ikivutwa ndani mara kwa mara, yawezekana vali ya kutolea moshi imeungua. Yetu ilisukumwa nje tu, lakini bila mpango, mara kwa nguvu, mara kwa unyonge.

Kisha akaniambia nichomoe nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa inazunguka, kwa koleo lenye mikono ya mpira, maana umeme ule hurusha mtu. Injini hiyo ina silinda nne. Ukichomoa waya wa silinda nzima, mngurumo lazima uanguke. Ukichomoa na usisikie tofauti yoyote, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Nikachomoa wa kwanza, mngurumo ukaanguka. Wa pili, ukaanguka. Wa tatu na wa nne, vilevile. Mzee alikuwa amefumba macho akisikiliza. "Hakuna maiti humu," akasema. "Wote wanne wazima. Aliyetaka kupasua injini alitaka kumpasua mtu mwenye mafua."

Tukaiacha izunguke dakika kumi, tukaizima, na ilipopoa nikazitoa plagi. Katika injini hiyo zimekaa ndani ya mashimo marefu, nawe wahitaji spana ndefu. Alinifunza kuzisoma. Rangi ya biskuti ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi kupita kiasi. Weusi wenye mafuta ya injini ni dalili ya ringi au vali zilizochakaa. Weupe ni petroli kidogo na hewa nyingi. Zetu zilikuwa zimepauka, na moja ilikuwa nyeupe kushinda wenziwe. Nilipomwambia, akaitikia kwa kichwa tu.

Tulizitazama pia pointi zilizomo chini ya kifuniko cha kugawia moto. Zilikuwa zimeungua kidogo. Nikazipitisha msasa mwembamba, nikaziweka nafasi ya karibu 0.4 milimita kwa kipimo cha bati. Injini ikapata nafuu kidogo, lakini mtetemo ukabaki.

SWALI LA BREKI

Ndipo mzee akaniuliza swali nililoliona halina maana. "Breki zake zikoje?"

Nikamjibu kwamba ni ngumu, lakini ni motokaa ya zamani, na baba mwenyewe siku za mwisho alikuwa akilalamika mguu wamuuma. Uso wa mzee ukabadilika. Akaniamuru nizime injini, nikanyage breki mara tano, kisha niishikilie chini na kuitia moto. "Pedali imezama kidogo?" Haikuzama. Ilibaki ngumu kama jiwe.

Basi akanipa kipande cha mpira wa bomba, upande mmoja nitie sikioni, upande wa pili nipitishe polepole juu ya maungio ya kabureta na mipira yote ya hewa. Nilipofika kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kile chungu cha kusaidia breki, nilisikia mluzi mwembamba mfano wa nyoka. Kwa juu mpira ulionekana mzima. Nilipougeuza, chini yake, pale unapobanwa, palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Nikaubana kwa koleo lililozungushwa kitambaa, karibu na injini. Papo hapo mtetemo ukakoma. Kioo kikatulia, nikaiona ndani yake paka ya mzee imelala ukutani.

Mzee akanieleza kwa mfano. Injini inaposimama, mlango wa kabureta hufungwa karibu wote, nayo huvuta kwa nguvu pumzi ndogo, kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Mrija ukipasuka, anavuta hewa, maji hayafiki. Ukikanyaga mafuta mlango hufunguka, hewa nyingi hupita, na ule ufa mdogo hauonekani tena. Kumbuka kwamba injini ya silinda nne ikizunguka mara 900 kwa dakika huwaka mara 30 kila sekunde, kwa hivyo kasoro ndogo hurudiwa upesi sana. Na uvutaji huo huo wa injini ndio unaousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Ufa mmoja ulikuwa umeharibu vitu viwili.

Nilikaa chini juu ya ngazi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimempakia mama na wajukuu watatu kuwapeleka Kisauni. Yule kijana wa gereji alipoikaza skrubu, aliunyamazisha mlio uliokuwa ukituonya. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mzee alinionya nisiweke mpira wowote tu. Mpira laini wa petroli hunyonywa ukajifunga wenyewe. Yatakiwa ule mgumu wenye nyuzi ndani, uliotengenezwa kwa kazi ya breki. Niliununua, nikaufunga, nikairudisha skrubu ya kabureta mahali pake, kisha tukairudia ile jaribio ya pedali. Ilizama kama inavyotakiwa. Gharama yote haikufikia hata nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Mzee alikataa malipo. Alisema ana deni la wema kwa marehemu, na nikimlazimisha nitamvunjia.

MAFUNGU AROBAINI

Yule mnunuzi aliporudi na kuisikia injini, alipandisha bei mwenyewe kabla hatujafungua kinywa. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana. Watu watatu wasio jamaa zetu waliikadiria, na mdogo wangu akainunua kwa bei hiyo. Madeni ya marehemu yalikuwa yamekwisha kulipwa. Tukaigawa fedha mafungu 40: mama matano, ambayo ndiyo thumni, sisi ndugu wawili 14 kila mmoja, na dada yetu saba. Hakuna aliyelala na kinyongo.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa motokaa yako ya zamani hutetemeka ikisimama, usikimbilie kuipasua wala kuiuza. Anza kwa kuuliza inatetemeka lini. Sikiliza ekzosi, pima silinda moja moja, soma plagi, tafuta ufa wa hewa. Na kabla ya yote kanyaga breki, ujue zikoje.

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alinipitia twende msikitini. Tulisimama kwenye taa za Mwembe Tayari. Injini ilikuwa ikinong'ona, na kwenye kioo nilimwona mama nyuma, amekaa kwenye kiti alichozoea, akivuta tasbihi.