Gari la Kombi na Jinsi ya Kulituliza Njiani

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kueleza habari za gari lijulikanalo sana duniani, nalo ni Kombi ya Volkswagen. Gari hili lilianza kutengenezwa katika mji wa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950, na mwaka uliofuata kiwanda cha Westfalia kilianza kulitilia vitanda na makabati, ili watu wapate kusafiri na kulala humo. Hata leo wako wengi walitunzao kama urithi. Lakini wengi wao hulalamika kwamba gari hupepesuka penye upepo, na katika kona huinama kama mtumbwi. Je, dawa yake ni nini?

Kwanza yatupasa kujua sababu. Injini ya Kombi imewekwa nyuma kabisa, na umbo lake ni refu lenye mbavu pana. Tazameni mshale: chuma kizito ki mbele, na manyoya yako mkiani, kwa hiyo huruka sawasawa. Kombi ni kama mshale uliogeuzwa: uzito u nyuma, na kichwa ni chepesi. Upepo wa ubavuni ukivuma, husukuma kichwa hicho kando, na dereva hana budi kukirudisha kwa usukani kila mara.

Sababu ya pili imo katika magurudumu ya nyuma ya Kombi za kwanza, zilizotengenezwa Ujerumani mpaka mwaka 1967. Ekseli yake ni vipande viwili, na kila kipande hupanda na kushuka kwa kiungo kimoja tu kilicho karibu na giaboksi, mfano wa mabawa ya ndege. Dereva akiingia kona kwa mbio, kisha akaondoa mguu ghafula katika petroli, mkia wa gari huinuka, magurudumu hujikunja kwa ndani, na tairi hukanyaga kwa ukingo. Ndipo mkia huteleza, na pengine gari hupinduka pamoja na wote waliomo. Kombi zilizofuata, tangu Agosti 1967, zilipewa viungo viwili kila upande, nazo hutulia zaidi; lakini injini ilibaki nyuma vilevile.

Sasa tuje kwenye matengenezo. La kwanza halina gharama, nalo ni kupanga mzigo. Nahodha hutia farumi chini ya jahazi, hatii juu ya mlingoti. Kadhalika vitu vizito vya Kombi viwekwe chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Maji lita 50 yana uzito wa kilo 50; yakiwekwa juu ya paa, huliyumbisha gari kila kona, bali yakiwekwa sakafuni hulisaidia. Juu ya paa pawekwe vitu vyepesi tu.

La pili ni tairi. Kombi hutaka tairi zenye mbavu ngumu, zilizofanywa kwa magari ya mizigo, wala si za motakaa ndogo. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, na za nyuma zijazwe zaidi kuliko za mbele, kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Tena tazameni umri wake: tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni. Tarakimu 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi iliyozeeka haifai, ijapokuwa meno yake yangaliko.

La tatu ni kuondoa kulegea. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja ageuze usukani kidogo kidogo, na mwingine atazame gurudumu la mbele. Mikono ikienda mbali kabla gurudumu halijajibu, kuna kitu kilicholegea. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi imara, na gurudumu litikiswe juu na chini. Likicheza, fundi apime beringi, viungo na bushi, abadili zilizolika, kisha anyoshe magurudumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La nne ni vile vyuma vya kuzuia mrusho, ambavyo mafundi huviita shokapu. Sukumeni pembe moja ya gari chini, kisha mwachie. Likipanda na kutulia, ni nzuri. Likiruka tena na tena, zimekwisha. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja.

Hayo yote yakiisha, ndipo lifaapo jambo la tano, yaani kutia mbele fito nene la chuma liunganishalo gurudumu la kushoto na la kulia. Fito hilo hupunguza kuinama katika kona, nalo huufanya mkia usiwe mwepesi wa kuteleza. Lakini kulitia fito gumu nyuma peke yake ni hatari, kwani huongeza kuteleza kwa mkia ambao tangu mwanzo ni mzito. Wala tusidanganywe na wale washushao gari mpaka likaribie kugusa ardhi: springi hukosa nafasi, na tairi hulika upande mmoja.

Mwisho ni dereva mwenyewe. Kombi za mwanzo zilikuwa na injini ya nguvu za farasi 25 tu, wala hazikuundwa kwa mbio. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na penye daraja au uwazi wenye upepo ashike usukani kwa mikono miwili. Basi, mwenye kufuata utaratibu huu, akianza na mzigo na kumalizia na fito, atalituliza gari lake kwa gharama ndogo. Bali anunuaye fito jipya juu ya tairi mbovu amepamba hatari, hakuiondoa.