Mnara Ni Ule Ule, Njia Ndiyo Tofauti

Mtu aliye kwenye mashua katikati ya Kilwa Masoko na Songo Mnara anaweza kupiga simu akasikika vizuri kabisa. Akirudi nyumbani, akaingia chumbani na kufunga mlango, simu ile ile inaanza kukatakata. Wengi watasema mnara ni dhaifu. Lakini mnara ni ule ule, na huenda baharini alikuwa mbali nao zaidi kuliko alivyo sasa. Kilichobadilika ni njia ya mawimbi. Anayetaka kutibu mtandao hafifu aanze hapo, kabla hajatoa hata shilingi moja kununua kifaa.

Mawimbi ya simu ni mawimbi ya redio, na tabia zake zinategemea urefu wake. Wimbi la megahezi 900, linalotumiwa sana na 2G, lina urefu wa sentimita 33 hivi. Lile la megahezi 1800 ni nusu ya hapo. Yote husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na juu ya bahari hayakutani na kilima wala ukuta. Kinachoyakatiza ni mbinuko wa dunia tu. Antena iliyo mita 60 juu ya usawa wa bahari ina upeo wa redio wa kilomita 32 hivi, mbele kidogo ya pale jicho linapofika, kwa sababu hewa huyapinda mawimbi kuelekea chini.

2G ina mpaka mwingine, ambao kwa kawaida ni kilomita 35. Mnara huzipa simu zamu fupi fupi za kuongea. Simu iliyo mbali mno, sauti yake huchelewa kufika na kuingia kwenye zamu ya mwenzake, kwa hiyo mnara huikataa hata kama mawimbi yake yanasikika.

Hata hivyo bahari nayo ina vituko vyake. Uso wa maji huakisi mawimbi, hivyo simu hupokea wimbi lililokuja moja kwa moja pamoja na lililogonga maji kwanza. Yakifika yamelingana, huongezeana nguvu, yakipishana, huuana. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na kiasi hicho kinatosha kubadilisha urefu wa njia ya wimbi lililoakisiwa. Ndiyo maana nyumba inayoutazama mnara kutoka ng'ambo ya ghuba inaweza kupata mtandao mzuri maji yakijaa, na wa kusuasua yakipwa.

Bara ni habari nyingine. Mji wa Lindi umekaa ghubani, vilima vikiwa nyuma yake; vilima vya Matumbi na nyanda za juu za Rondo vina mabonde ambayo mawimbi hayayafikii kwa urahisi. Mawimbi marefu hujipinda kwenye kilele cha kilima vizuri kuliko mafupi. Kwa hiyo kiswaswadu kilichotulia kwenye 2G huita, huku simu janja pembeni yake ikihangaika kutafuta 4G ya mawimbi mafupi. Mikoko na minazi nayo hunyonya mawimbi kwa sababu majani yamejaa maji. Matone ya mvua yenyewe hayayasumbui sana masafa haya. Kinachosumbua ni majani na kuta zilizolowa.

Kisha kuna nyumba. Makuti hupitisha mawimbi, bati huyarudisha yalikotoka. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hupunguza nguvu yake sana, na zege lenye nondo halina nafuu. Ndani ya nyumba ya namna hiyo mawimbi huingia zaidi kwa madirisha na milango.

Pima kwanza

Usiviamini sana vile vijiti vya juu ya kioo, maana kila mtengenezaji huvichora kwa kipimo chake. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute hali ya laini. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Utakuta namba yenye alama ya kutoa, katika kipimo cha desibeli (dBm). Kwa 4G, hasi 80 ni nzuri sana, hasi 100 inatosha, na ikifika hasi 115 tegemea kukatikiwa. Kila desibeli 10 zikipungua, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Anayetoka hasi 80 barazani na kukuta hasi 110 chumbani, kuta zimemnyang'anya nguvu mara 1,000.

Namba hiyo pia itakuonyesha mnara uliko. Simama nje, ishike simu kifuani, geuka taratibu. Mwili wa binadamu huzuia mawimbi, kwa hiyo namba ikidhoofika kupita kote, mnara uko mgongoni kwako.

Ila kuna jambo ambalo namba haisemi. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Mnara ni muadhini mwenye kipaza sauti, simu ni mtu anayemjibu kwa mdomo mtupu kutoka mtaa wa pili. Hapo ndipo unamsikia mwenzako na yeye hakusikii. Na kwa kuwa simu ikiwa mbali hulazimika kupaza sauti hadi mwisho wa uwezo wake, chaji huisha upesi.

Nyumbani

Dawa ya kwanza haina gharama. Tafuta dirisha linaloelekea mnara, iweke simu hapo, juu kadiri inavyowezekana, washa hotspoti, kisha tumia simu nyingine ndani kwa Wi-Fi. Kwa kuongea, tumia visikizi. Hata kuisogeza simu sentimita 15 kunaweza kusaidia, kwa sababu ndani ya chumba mawimbi yaliyoakisiwa huacha madoa yenye nguvu na madoa matupu.

Anayehitaji zaidi atafute ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Antena inayofaa ni ya fimbo sambamba, ya aina ile iliyozoeleka kwenye televisheni; ilibuniwa na Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika Chuo Kikuu cha Tohoku, na ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Haitengenezi nguvu yoyote. Huikusanya kutoka upande mmoja na kuusahau upande mwingine. Ifunge kwenye mlingoti ipite usawa wa paa la bati, uilenge kwenye mnara, na waya uwe mfupi kwa sababu kila mita hula nguvu. Pwani, zungushia viungio utepe wa mpira, la sivyo chumvi itavila.

Vikuza mawimbi vinavyouzwa madukani ni jambo la tahadhari. Huwa na antena ya nje, kikuzaji katikati, na antena ya ndani. Antena mbili zikikaribiana, kifaa hujisikiliza chenyewe na kuanza kupiga ile filimbi ya kipaza sauti, na kelele hiyo huufikia mnara na kuwaharibia watu wa kijiji kizima. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano lazima viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Na pale ambapo hata nje hakuna mawimbi, hakuna cha kukuza. Vibandiko vya kubandika nyuma ya betri havikuzi kitu.

Safarini

Basi la Dar es Salaam kwenda Lindi ni sanduku la chuma lenye madirisha, kwa hiyo kaa dirishani. Simu iking'ang'ania mnara uliokwisha achwa nyuma, iweke kwenye hali ya ndege kwa sekunde chache, itafute upya. Laini mbili za kampuni tofauti husaidia, kwa kuwa minara yao haifuniki maeneo yale yale. Ujumbe mfupi hupenya pale simu inaposhindwa, maana mtandao huuhifadhi na kuutuma tena. Malipo ya simu hayana subira hiyo. Yakikatika njiani, angalia salio kwanza kabla ya kurudia. Na namba ya dharura, 112, simu inaweza kuipitisha kwenye mtandao wa kampuni yoyote inayosikika hapo.

Yapo maeneo ambayo hakuna mbinu itakayofaa isipokuwa mnara mpya. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kijiji kinachotaka kusikilizwa kisiishie kulalamika kwamba mtandao unasumbua. Kipeleke namba: shuleni hasi 118, zahanati hasi 112, kwa kila kampuni, maji yakiwa yamepwa na yakiwa yamejaa. Malalamiko ya namna hiyo fundi anaweza kuyafanyia kazi, na ofisa atapata taabu kuyapuuza.