Ngoma Iliyokosa Jukwaa Dakar Ikachezwa Ufukweni

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa tayari kutunzwa mjini Dakar, Senegal, mwezi wa Machi mwaka 2020. Walikuwa wamefika mwisho wa mazoezi, na Jumba la Taifa la Michezo la Daniel Sorano lilikuwa likiwangoja. Zikiwa zimebaki siku chache tu, Serikali ya Senegal ikapiga marufuku mikusanyiko ya watu kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Onyesho likafa kabla ya kuzaliwa.

Kilichofuata ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Kabla ya kufunga virago na kutawanyika, wachezaji hao waliteremka hadi ufukweni katika kijiji cha Toubab Dialaw, yapata kilomita 50 kusini ya Dakar, wakaicheza ngoma yao jua likielekea kuzama, bahari ikiwa nyuma yao. Bwana mmoja wa Kijerumani, Florian Heinzen-Ziob, ambaye alikuwa kijijini hapo akipiga picha za mazoezi, aliielekeza kamera yake kwao. Filamu iliyopatikana iliitwa Dancing at Dusk. Ilizinduliwa tarehe 1 Julai 2020, wala si katika jumba lolote la senema, bali kwenye mtandao wa intaneti wa Sadler's Wells, lile jumba mashuhuri la uchezaji la London. Mtazamaji alilipa pauni 5, akaketi nyumbani kwake, akatazama.

Ngoma yenyewe ina historia ndefu. Muziki wake ulitungwa na Mrusi, Igor Stravinsky. Ulipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 29 Mei 1913, pamoja na uchezaji uliobuniwa na Vaslav Nijinsky, watazamaji walizomea na kupiga kelele hata wachezaji wakashindwa kuusikia vizuri. Hadithi ni fupi. Watu wa kale wanamchagua msichana mmoja, naye hucheza mpaka afe, ili ardhi irudishiwe uhai baada ya baridi kali.

Mwaka 1975 hayati Pina Bausch, Mjerumani aliyekuwa akiongoza kikundi cha uchezaji cha mji wa Wuppertal, aliibuni upya ngoma hii. Alimwaga udongo mweusi jukwaa zima. Wanawake huvaa magauni mepesi ya rangi ya maziwa, na wanaume suruali nyeusi, vifua wazi. Kuna gauni moja jekundu. Mwanzoni limelala chini kama kitambaa tu, kisha linapitishwa mkono hadi mkono, kila msichana akiliogopa, mpaka limfikie yule atakayekufa. Kadiri wanavyocheza ndivyo udongo unavyogandamana na jasho, na kufikia mwisho hakuna aliye safi. Hofu iliyomo si ya msichana yule pekee. Kundi zima linajua kwamba mmoja wao atatolewa, na kila mmoja anaomba moyoni asiwe yeye. Wale walioitazama filamu hii mwaka 2020, wakati kila nyumba ilikuwa ikihesabu wagonjwa na waliofariki, hapana shaka hawakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Bi. Bausch alifariki tarehe 30 Juni 2009, na hivyo filamu ilitoka siku moja tu baada ya kutimia miaka 11 ya kifo chake. Uhai wake wote, ngoma hii alikuwa mchoyo nayo. Wachezaji wa Opera ya Paris ndio waliopewa ruhusa mwaka 1997, na mwaka 2017 ikaja zamu ya kikundi cha taifa cha Kiingereza. Taasisi yenye jina lake, ambayo iliasisiwa na mwanawe Bw. Salomon Bausch, ndiyo iliyoshirikiana na Sadler's Wells pamoja na shule moja ya Senegal kuileta Afrika.

Shule hiyo ndiyo inayostahili kusimuliwa zaidi. Jina lake ni École des Sables, yaani Shule ya Mchanga, na mama yake ni Bi. Germaine Acogny. Alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, na mwaka 1968 akafungua darasa lake la kwanza la uchezaji mjini Dakar. Kuanzia 1977 hadi 1982 aliongoza Mudra Afrique, chuo kilichoanzishwa Dakar kwa juhudi za Rais Léopold Sédar Senghor, yule mshairi, na bingwa wa uchezaji wa Ulaya, Maurice Béjart. Mwaka 1980 alitoa kitabu juu ya uchezaji wa Kiafrika, akifafanua mbinu zake mwenyewe ambazo uti wa mgongo ndio mzizi wake: mguu unafuata, mkono unafuata, lakini mgongo ndio unaoanza. Chuo kile kilipokufa hakukata tamaa. Mwaka 1998 yeye na mumewe, Bw. Helmut Vogt, walianzisha shule yao huko Toubab Dialaw, na ukumbi wao mmoja wa kuchezea una sakafu ya mchanga mtupu.

Kwa hiyo mchanga haukuwa mgeni kwa vijana hawa. Ila mchanga wa ufukweni si udongo wa jukwaani. Mguu unazama, na kila mruko unamgharimu mchezaji nguvu maradufu. Wala hapakuwa na taa za kupandisha na kushusha. Mwanga ulikuwa ule wa jua linalokwisha, na ukipotea hakuna fundi wa kuurudisha. Ndiyo maana picha hizi zina haraka fulani ambayo hata kikundi cha Wuppertal, pamoja na ufundi wake wote, hakikuwa nayo katika ukumbi.

Walimu wa ngoma walikuwa watu walioicheza wenyewe. Miongoni mwao alikuwemo Bi. Jo Ann Endicott, mzaliwa wa Australia, aliyejiunga na Pina Bausch katika miaka ya sabini. Pamoja naye walikuwepo Bi. Clémentine Deluy na Bw. Jorge Puerta Armenta. Kuna picha za zamani na kuna maandishi, lakini ngoma ya namna hii haifundishiki kwa karatasi. Lazima aliyeicheza asimame, ainue mkono, aseme hivi, sivyo hivyo. Akina mama wa pwani wanaofundisha lelemama wanalijua jambo hili, na wazee wa Idakho na Isukha wanaowarithisha vijana isukuti wanalijua pia. Mwili ndio daftari.

Nao waliofundishwa hawakuwa wa asili moja. Mmoja amezoea ngoma za kwao Afrika Magharibi, mwingine amekulia katika dansi za mitaani, mwingine amepitia mafunzo ya Kizungu huko Afrika Kusini, na Madagascar nayo ilileta watu wake. Katika orodha ya wachezaji waliokuja kuizungusha ngoma hii duniani limo jina la Brian Otieno Oloo. Msomaji wetu wa Kisumu au Siaya hahitaji kuambiwa jina kama hilo hutoka upande gani.

Wapo watakaouliza, na swali lao si la kijinga: je, Mwafrika, ambaye ngoma za matambiko anazo tele kwao, afundishwe na Mzungu jinsi ya kucheza kafara? Tena kwa hatua ambazo haruhusiwi kuzigeuza? Kibali kiko Ujerumani, jukwaa kubwa liko Uingereza, na Senegal imetoa miguu na jasho. Mambo haya hayafai kufichwa. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya haoni kwamba Bi. Acogny ni mtu wa kudanganywa. Alipokuwa amefika umri wa miaka 70 alikwisha kuucheza muziki huo huo wa Stravinsky peke yake, katika mchezo aliobuniwa na Mfaransa Olivier Dubois, na wala hakuomba radhi kwa mtu. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 hakuna aliyesema Kiswahili kimekodishwa kwa Shakespeare. Tulisema Kiswahili kimeweza. Anayetazama wachezaji hawa wakitikisika kwa pamoja, migogo imeinama na visigino vikigonga chini, ataona kwamba hawakukodishwa. Wameichukua.

Tena katika onyesho lililoandaliwa, ngoma ya Bausch haikuwa peke yake. Ilitanguliwa na mchezo mpya wa akina mama wawili waliokula chumvi, Bi. Acogny mwenyewe na Bi. Malou Airaudo, Mfaransa aliyecheza na Bausch tangu siku za mwanzo. Huo waliutunga wenyewe. Filamu ya ufukweni haina sehemu hiyo, na kwa maoni yetu hilo ni pengo. Aliyelipa pauni zake 5 aliwaona Waafrika wakicheza kazi ya Ulaya, lakini hakumwona Mwafrika akibuni.

Sasa tuiseme filamu yenyewe kama filamu. Jumbani, mtazamaji ana uhuru wa macho. Akitaka kumfuata msichana mmoja aliye pembeni, atamfuata mpaka mwisho, hata kama watu wote wanatazama kati. Mbele ya filamu uhuru huo hana, kwani mpiga picha amekwisha kumchagulia. Kwa upande mwingine, hakuna jumba duniani linaloweza kukuwekea bahari ya Atlantiki nyuma ya wachezaji, na anga inayobadilika rangi wakati msichana akikaribia kufa. Pale filamu inapotulia mbali na kuliacha kundi zima lionekane, ndipo inapopendeza zaidi.

Lakini ngoma bila watu ni jambo la ajabu kidogo kwetu. Chukua isukuti, ambayo shirika la UNESCO liliiandika mwaka 2014 katika orodha ya tamaduni zinazohitaji kuokolewa upesi. Ipige picha uone. Utapata ngoma tatu, utapata miguu na mabega. Yule mzee aliyeketi akavumilia weee mpaka akashindwa, akainuka na fimbo yake kuingia uwanjani, hutampata, maana alikuja kwa sababu alikuwepo. Vigelegele havitumwi kwa simu. Wale vijana wa Toubab Dialaw walicheza mpaka mwisho bila ya kuwa na halaiki ya Dakar mbele yao, na ndiyo halaiki waliyojiandaa kwa ajili yake.

Na hapo ndipo lilipo jambo linalouma. Ufuko hauna mlango wala mkata tikiti, lakini intaneti inavyo. Pauni 5 zilikuwa zaidi ya shilingi 600 za Kenya wakati ule. Kwa mkazi wa London ni kikombe cha kahawa na kipande cha keki. Kijana wa Kariobangi au wa kitongoji cha Dakar anayependa kucheza, ambaye angeweza kuyabadili maisha yake kwa kuona watu wa rika lake wakifanya makubwa, alitakiwa kwanza awe na kadi ya benki, kisha anunue bando la kumtosha, kisha aombe mtandao usikatike msichana akiwa ndiyo kwanza anavishwa gauni jekundu. Filamu ilipigwa Afrika, kwa miili ya Waafrika, na mlango wake ukawekwa London. Hatusemi ilifaa kutolewa bure. Wasanii nao hula, na mwaka ule kumbi zilifungwa Senegal kama zilivyofungwa kwetu Kenya. Tunasema palikuwa na haja ya mlango wa pili, wenye bei ya huku.

Bw. Heinzen-Ziob aliendelea na kazi yake, na mwaka 2022 akatoa filamu ndefu iitwayo Dancing Pina, ambayo mazoezi ya Senegal yamo ndani yake. Bi. Acogny alitunukiwa Simba wa Dhahabu na tamasha la uchezaji la Venice mwaka 2021 kwa kazi ya maisha yake yote. Jirani na kijiji chake, huko Ndayane, jiwe la msingi la bandari kubwa ya meli liliwekwa Januari 2022, na tangu hapo wapenzi wa shule wana wasiwasi juu ya ukimya na ardhi ya mahali pale.

Wachezaji je? Baadhi yao waliogopa, na si ajabu, kwamba jioni ile ya ufukweni ingekuwa ya mwanzo na ya mwisho. Ilipita miezi 18. Mwezi wa Septemba 2021, katika jumba la Teatros del Canal mjini Madrid, ngoma ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza mbele ya watu wenye pumzi. Juni 2022 ikafika London, katika jumba lile lile lililoionyesha kwa intaneti, na kabla ya mwaka 2023 kwisha ikafika New York. Kila ilipokwenda, wakati wa mapumziko, waliobaki vitini waliwaona wafanyakazi wakiingia na udongo, wakiumwaga na kuusawazisha kwa reki kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha taa zikazimwa, na msichana mmoja akaonekana amelala kifudifudi juu ya gauni jekundu.