Encroach: Kumega Mpaka Kidogokidogo

Majirani wawili wametenganishwa na ua wa minyaa. Kila msimu wa kulima, mmoja anasogeza jembe tuta moja upande wa pili. Mwaka wa kwanza hakuna anayestuka. Baada ya misimu kadhaa minyaa imezungukwa na mahindi yake. Mwingereza atasema jirani huyo ana-encroach, na uzito wa kitenzi hiki umo katika mwendo huo wa taratibu. Anayeruka ua usiku mmoja kuiba maembe ana kosa jingine, trespass. Jeshi linalovuka mpaka na vifaru lina-invade.

Asili ya encroach ni Kifaransa cha kale, encrochier, yaani kunasa kwa ndoano. Kiini chake ni croc, ndoano, ambalo pia limezaa kroshia tunayofumia vitambaa. Kiingereza kilipokea encrochier kwa maana ya kujitwalia mali isivyo halali. Maana ya kujipenyeza polepole ilifuata baadaye. Lawama ile ya mwanzo haijafutika. Hata bahari ikisemwa ina-encroach, msikilizaji anahisi kuna mtu aliyedhulumiwa.

Wanafunzi wetu hukosea hasa kwenye sarufi. Kwa kuwa sisi husema "kumega shamba", wao huandika "encroach the land". Siku hizi kitenzi hiki hakibebi yambwa moja kwa moja. Kinadai on au upon: "encroach on the land".

Sheria za soka zinakitumia kwa namna ya pekee. Mchezaji akiingia eneo la hatari kabla penalti haijapigwa, Waingereza huita encroachment. Hapo maana ya polepole imetoweka, umebaki mstari usiopaswa kuvukwa.

Katika kutafsiri encroach, magazeti yetu hupenda "kuvamia": wavamizi wa hifadhi ya barabara. Naona neno hilo ni la pupa mno. Mtu hutandika meza ya nyanya kwanza, kisha anaweka turubai, kisha mabati, hatimaye fremu ya matofali. Huko ni kumega. Jangwa linanyemelea, bahari inakula ufukwe, kazi inakula muda wa familia. Serikali inapogusa haki za raia, tumezoea "kuingilia", lakini neno hilo halisemi kama ni kwa siku moja au miaka kumi, na mfasiri makini hana budi kuongeza "hatua kwa hatua".